NYUMBANI MWETU: Vitamutamu vya sikukuu na meno ya watoto



Hata katika nyumba ambamo kwa miezi mingi chai hunywewa bila sukari, siku ya Noeli na siku ya Bonane hutafutwa kitu kitamu kwa ajili ya watoto na wageni. Jambo hilo ni jema. Mtoto ambaye mwaka mzima amekula bugari na sombe astahili kuonja utamu siku ya furaha, na mgeni aliyepanda njia ya mawe ya volkano hadi mlangoni petu hastahili kurudi na ulimi mkavu. Basi makala haya hayakuandikwa ili kuwanyang'anya watoto sikukuu yao. Yameandikwa kwa sababu ya jambo linalofuata nyuma ya sikukuu, yaani maumivu ya meno.

Twawajua watoto wa namna hiyo. Mmoja hutafuna kwa upande mmoja tu. Wa pili hulia usiku, mkono umeshika shavu. Wa tatu amevimba, naye hakufika shuleni juma zima. Mwezi wa Novemba 2022, Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba watoto wapata milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza. Katika nchi yetu waganga wa meno ni wachache, na wengi wao wako katika miji mikubwa. Hapa Goma, mji ulipotwaliwa na M23 mwezi wa Januari 2025, mabenki yalifunga milango, na jamaa nyingi zikabaki bila mshahara na bila akiba. Mzazi wa namna hiyo humpeleka mtoto kwa mganga siku ambapo dawa haisaidii tena, na kazi iliyobaki ni kung'oa. Kwa hiyo, ni afadhali kulinda jino kabla halijatoboka. Na ulinzi huo huanza jikoni.

Wako wanaosema: "Meno ya utoto yataanguka tu, ya nini kuhangaika?" Neno hilo si sawa. Jino la utoto lina uhai ndani yake, nalo likioza huuma kama la mtu mzima. Tena magego ya utoto hukaa kinywani mpata mtoto miaka 10 au 12, nayo hushika nafasi ya yale yatakayoyafuata. Yaking'olewa mapema, meno mapya hukosa njia, huota yakipandana. Isitoshe, mtoto asiyeweza kutafuna hali vizuri, na asiyekula vizuri hakui vizuri.

Sasa natutazame jino huozaje. Kinywani mwa kila mtu mna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyoshikamana na meno kama ukungu. Mtu alapo sukari, vijidudu hivyo navyo hula, na katika kula vyatoa asidi, yaani maji makali kama siki. Asidi hiyo huanza kulainisha ganda gumu la jino. Baada ya nusu saa hivi, mate huisafisha asidi na kurudisha kidogo kidogo madini yaliyopotea. Mate, basi, ni dawa tuliyopewa bure. Lakini dawa hiyo yahitaji muda. Mtoto anayekula kitamu mara moja, kisha akaacha, huyapa mate nafasi ya kufanya kazi yake. Lakini mtoto anayemumunya bombo asubuhi, akanywa kinywaji cha chupa saa nne, akala biskuti saa sita, na bombo nyingine jioni, kinywa chake hakipumziki. Mate hayajamaliza kutengeneza, tayari asidi mpya imekuja.

Jambo hili halikuvumbuliwa kwa kukisia. Katika miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm karibu na mji wa Lund, huko Uswidi, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa namna mbalimbali ili waganga waone meno yataharibikaje. Wengine walipewa sukari pamoja na chakula. Wengine walipewa karameli zinazonata, kati ya mlo na mlo. Matokeo yalichapwa mwaka 1954. Waliokula sukari wakati wa chakula tu walipata madhara machache. Waliokula karameli mchana kutwa, meno yao yaliharibika vibaya sana. Wagonjwa wale hawakuombwa ruhusa, na tendo lile lahesabiwa leo kuwa aibu ya utabibu. Lakini fundisho walilolilipia kwa meno yao tusilitupe. Waswidi wenyewe walilishika: wazazi walishauriwa kuwapa watoto pipi siku moja tu katika juma, na desturi ya pipi za Jumamosi yajulikana kwao hata leo.

Kutokana na hayo twapata kanuni mbili kwa ajili ya meza ya sikukuu. Ya kwanza: kitamutamu kiliwe mezani, mwisho wa mlo, wakati mate ni mengi, wala kisizungushwe mchana kutwa. Ya pili: kadiri iwezekanavyo, utamu wake utoke katika tunda zima, katika kiazi na katika maziwa, wala si katika mfuko wa sukari.

Hapa lazima tuondoe kosa moja. Mama mwingine husema: "Mimi sitii sukari, natia asali." Asali ni chakula chema, lakini kwa jino asali ni sukari, tena sukari inayonata. Hali kadhalika maji ya matunda yaliyokamuliwa, na mutobe wetu wa ndizi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Ulimwenguni liliviweka vyote hivyo katika hesabu moja na sukari ya dukani, likashauri kwamba visizidi sehemu moja katika sehemu kumi za nguvu tuzipatazo katika chakula. Na ni afadhali zaidi visizidi nusu ya hapo. Nusu hiyo, kwa mtu mzima, ni kama gramu 25 kwa siku, yaani vijiko vidogo sita. Kwa mtoto ni pungufu. Nayo chupa moja ya kola ya sentilita 33 ina gramu 35 hivi: mtoto akiinywa peke yake amekwisha kupita mpaka, hata kabla ya chai. Tunda zima halimo katika hesabu hiyo, maana sukari yake imefungwa ndani ya nyama ya tunda, na kulitafuna huleta mate.

Haya, sasa twende sokoni. Goma haina upungufu wa vitu vitamu. Mitumbwi inayofika Kituku huleta ndizi na viazi kutoka Minova, na mananasi kutoka kisiwa cha Idjwi. Masisi hutoa maziwa na jibini. Katika mashamba ya Kivu ya Kaskazini huota vanila, ile ile inayopelekwa nchi za mbali kwa bei kubwa. Twauza harufu nzuri kwa wageni, na sisi wenyewe twanunua bombo zenye rangi! Hii hapa mifano minne, ambayo kila mama aweza kuipika juu ya mbabula, bila tanuri.

Wa kwanza: ndizi za majivuni. Kwa watu sita, twaa ndizi mbivu sita, zile ambazo ganda lake limeanza madoa meusi, kwa sababu hizo zimegeuza unga wake kuwa utamu. Menya, pasua kwa urefu. Ponda karanga zilizokaangwa, kiasi cha nusu glasi, nyunyiza katikati. Kama una kipande cha vanila, kipasue, kwangua mbegu zake nyeusi, pakaza. Funga kila ndizi katika jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika, kisha laza juu ya makala yaliyopungua moto, dakika 15 hadi 20, ukigeuza mara moja. Fungua mbele ya watoto, maana mvuke wake nao ni sehemu ya sikukuu. Karanga za mtoto mdogo zipondwe ziwe laini kabisa, asije akapaliwa.

Wa pili: kitamutamu cha viazi vitamu. Twaa nusu kilo ya viazi, hasa vile vyenye nyama ya rangi ya machungwa. Usivitupe katika maji yanayochemka. Vianzishe katika maji baridi, juu ya moto mdogo, na ganda lake. Au vichome polepole majivuni. Sababu ni hii: kiazi kikipata joto taratibu, unga wake hugeuka kuwa utamu, kikiungua haraka, mgeuko huo hukatika. Vikiiva, menya, ponda, pitisha katika chujio. Piga mayai manne, changanya na glasi mbili za maziwa yaliyochemshwa na kupoa, nusu kijiko kidogo cha mdalasini, na chumvi kidogo sana. Mimina katika sufuria ndogo iliyopakwa siagi, funika vizuri. Iweke ndani ya sufuria kubwa, juu ya kisahani, maji yafike nusu ya ubavu wake. Acha ichemke kwa upole muda wa saa moja. Ikipoa hushikana, nawe waweza kuikata kwa kisu kama mkate.

Wa tatu: mashanza na matunda. Maziwa yachemshwe kwanza, maana maziwa mabichi yaweza kuleta magonjwa, ndipo yagandishwe. Tia lita moja ya mashanza katika kitambaa safi, tundika saa mbili au tatu, maji yatiririke, nawe utabaki na kitu kizito kama siagi laini. Juu yake weka papai lililoiva, lililokatwa vipande vidogo, na nyama ya marakuja mawili au matatu kwa ajili ya harufu. Marakuja na nanasi ni matunda yenye ukali, na ukali huo pia hulainisha ganda la jino. Lakini yakichanganywa na maziwa na kuliwa pamoja na chakula, madhara yake hupungua.

Wa nne ni kwa ajili ya wale wasioweza kuiona sikukuu pasipo mandazi. Kwa glasi tatu za unga, ponda ndizi tatu mbivu sana, ongeza hamira, chumvi kidogo, iliki iliyotwangwa, na maziwa ya vuguvugu kiasi cha kukanda. Acha uumuke, kata, kaanga. Utamu wake si mkali kama wa mandazi ya sokoni, lakini harufu yake hujaza nyumba. Kumbuka tu kwamba unga nao hunata menoni. Kwa hiyo mandazi haya yaliwe mezani pamoja na chai, wala yasibaki katika beseni la wazi ambamo kila mtoto apitaye hunyosha mkono.

Mwishoni kabisa, kama mfuko waruhusu, mpe kila mtoto kipande kidogo cha jibini ya Masisi, kiasi cha kidole. Ufundi wa jibini hii uliletwa na Wabelgiji, nao wafugaji wa milima ile wameufanya kuwa wao. Jibini huamsha mate, hupunguza nguvu ya asidi, na huliachia jino chokaa linayoihitaji. Basi aliyemaliza mlo kwa jibini amemaliza vizuri kuliko aliyemaliza kwa bombo.

Najua lipo neno moja lililobaki, nalo ndilo zito kuliko yote. Katika nyumba zetu sukari ni heshima. Mama asiyetia sukari huogopa kuitwa mchoyo. Tuseme mama mkwe amefika siku ya Noeli na mfuko wa bombo. Atazame mezani, aone ndizi na mashanza, aseme:

"Binti yangu, mwaka huu umewanyima watoto Noeli?"

"Hapana, Mama," mkewe mwana atajibu, akiupokea mfuko kwa mikono miwili. "Aksanti sana kwa kuwakumbuka wajukuu wako. Tutauweka hapa mezani, nao wakimaliza kula, wewe mwenyewe utawagawia mkononi. Mwaka jana Mugisho alilia usiku siku nne kwa jino. Sitaki alie tena."

"Ee, nakumbuka. Alikataa hata uji."

"Ndiyo, Mama. Kwa hiyo utamu upo, lakini tumeupa saa yake."

Mnaona? Hakuna aliyeaibishwa. Zawadi imepokewa, koko amepata furaha ya kugawa, na mtoto amekula bombo moja baada ya mlo badala ya kumi kutwa. Adabu na afya hazigombani, mradi tu atokee mtu wa kuzipatanisha.

Yabaki mambo ya usiku. Usiku wa Noeli watoto hukesha, kisha husinzia mmoja mmoja kwenye benchi au mgongoni, na mara nyingi bombo ingali shavuni. Hapo ndipo pana hatari kubwa, kwa sababu mtu alalapo mate hupungua sana, na asidi hukaa bila mpinzani. Tena mtoto mchanga asilazwe na chupa ya chai ya sukari au maji ya matunda mdomoni. Kabla ya kulala, hata kama ni saa nane za usiku, kila mmoja asugue meno kwa dawa yenye fluori: mtoto aliye chini ya miaka mitatu, dawa kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Ateme, asimeze. Asubuhi arudie. Lakini aliyekula matunda makali asisugue papo hapo. Asukutue kwa maji, angoje nusu saa au zaidi, ganda la jino lipate kukaza.

Wengine katika nchi hii ya volkano wana madoa ya kahawia menoni, nao hudhani kwamba ni uozo, au kwamba dawa ya meno imewachafua. Madoa ya namna hiyo aghalabu hutokana na wingi wa fluori katika maji yaliyonywewa utotoni, wakati meno yalipokuwa yakiumbwa. Hilo ni jambo jingine. Fluori nyingi mno huacha doa. Kidogo kinachopakwa na kutemwa hulinda. Mwenye shaka na amwulize mganga.

Nanyi wanafunzi, msiwaachie mama zenu kazi yote. Ninyi ndio mnaonunua bombo za rejareja njiani kwa noti ya mwisho ya mfukoni. Fanyeni jaribio moja jepesi: twaeni ganda la yai, litieni katika siki usiku kucha, asubuhi mlitazame jinsi lilivyolainika. Jino si ganda la yai, lakini asidi hulitendea kazi ya namna hiyo hiyo, polepole, siku kwa siku.

Mwisho, msingoje siku yenyewe. Ulimi hauachi mazoea kwa siku moja. Mtoto aliyezoea vijiko vitatu vya sukari katika kikombe ataiona ndizi kuwa maji matupu. Majilio yana majuma manne. Juma la kwanza punguza nusu kijiko katika chai ya nyumba nzima, juma la pili nusu nyingine, na kadhalika. Ukifanya taratibu, hakuna atakayenung'unika, tena wengine hawatajua. Ifikapo Noeli, vijiko vitatu vimekuwa kimoja, na ulimi umefunguka tena. Ndipo papai litakapokuwa papai, na kiazi cha majivuni kitaonekana kitamu kama kilivyoonekana kwa babu zetu, ambao sikukuu zao hazikukosa utamu ijapokuwa hawakujua mfuko wa sukari.

Zile fedha za bombo zilizobaki zinunue dawa ya meno na mswaki kwa kila mtoto. Hiyo nayo ni zawadi ya Bonane. Sikukuu njema kwenu nyote, mezani na baada ya meza.